Hao "Wao" Ni Akina Nani?

Ndugu msomaji, mimi si mwanafalsafa. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakaja ya kusikitisha kila somo isipokuwa Kiswahili, na tangu hapo najikongoja na riwaya yangu ya kwanza ambayo imefika sura ya kumi na moja na daftari la nne. Kwa hiyo haya nitakayosema usiyachukue kama mhadhara. Yachukue kama maungamo ya kijana wa uswahilini aliyefungua mdomo kijiweni siku moja, kisha akatamani ardhi ipasuke immeze.

Kijiwe chetu kipo Buguruni, chini ya mwarobaini, mbele ya kibanda cha kinyozi. Jioni pale kuna kahawa, kashata, bao na ubishi. Siku hiyo ilikuwa mwezi wa Aprili, kipindi ambacho Rwanda huwakumbuka watu wake waliouawa mwaka 1994. Mshikaji mmoja akatoa simu yake mfukoni, akasema, "Hebu oneni hii kitu."

Ilikuwa picha ya mto. Maji ya rangi ya udongo, na juu ya maji miili ya watu, imevimba, imejikunyata kwenye mawe kama magogo yaliyoshushwa na mafuriko. Kashata ilinikwama kooni. Simu ikapita mkono kwa mkono, na kila mtu akawa na neno lake. Huyu akasema "Astaghfirullah," yule akatema mate pembeni. Ndipo na mimi, mwandishi mtarajiwa, mtu wa maneno, nikatoa la kwangu: "Jamani, hawa watu ndivyo walivyo. Ukatili uko kwenye damu yao."

Wengi wakaitikia. Kinyozi wetu hakuitikia. Alikuwa na kichwa cha mteja mkononi, akakimaliza kimya kimya, akakung'uta kitambaa, akapokea hela yake na kuanza kufunga kibanda kabla ya saa yake. Nikamwuliza, "Vipi kaka, mbona mapema?" Akanijibu bila kunitazama, "Kichwa kinauma tu." Akaenda zake.

Siku ya tatu yake ndipo jirani mmoja aliponivuta pembeni na kuniambia nisilolijua. Mama mzazi wa kinyozi wetu alizaliwa Rwanda, aliolewa huku kabla ya mauaji, na kaka yake aliyebaki kule hajaonekana tangu mwaka ule wa 1994. Hakuna kaburi. Hakuna aliyemwona akifa. Piga hesabu mwenyewe, ndugu msomaji. Yawezekana kabisa nilikuwa nimeitazama picha ya mjomba mtu, kisha nikamwambia mpwa wake kwamba ukatili uko kwenye damu yake.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: nilikosea wapi hasa? Maana picha haikuwa ya uongo. Watu waliuawa kweli. Kuanzia tarehe 7 Aprili 1994, kwa muda wa siku kama mia moja, Watutsi wa Rwanda, pamoja na Wahutu waliokataa ule uovu, waliuawa kwa mamia ya maelfu. Wengi husema 800,000, wengine hufikisha milioni moja. Miili iliyotupwa mtoni ilishuka na Mto Kagera mpaka Ziwa Victoria, upande wa Uganda, ambako wavuvi waliiopoa na kuizika, na kwa muda watu wa kando ya ziwa wakaogopa kula samaki. Hayo yote ni kweli. Sasa kama picha ni ya kweli, neno langu lilikuwa na kosa gani?

Nadhani kosa lilikuwa kwenye kiambishi.

Mnakumbuka kipindi cha sarufi, mwalimu anaandika ubaoni neno "wanaua" na kutuambia tulichambue? Wa-, na-, ua. Tulikuwa tunapiga miayo. Lakini hebu tulitazame tena lile "wa-" la mwanzo. Ni herufi mbili tu, lakini zina tumbo kubwa ajabu. Ukisema "wanaua," humo ndani anaweza kuingia mtu mmoja mwenye panga na wenzake wanne, na wanaweza pia kuingia watu milioni saba, pamoja na vichanga, vikongwe, na hata hao hao waliouawa! Kiambishi hakilalamiki. Kinabeba tu, kama daladala ya saa moja asubuhi ambayo kondakta wake hajui neno "imejaa." Mimi niliona picha ya walichofanyiwa watu, nikawapakia wote pamoja, muuaji na maiti, ndani ya "wa-" moja. Ukiitazama vizuri, watu pekee waliokuwa kwenye ile picha ni waliouawa. Muuaji hata hakuwemo. Na mimi nikawahukumu hao hao waliokuwemo.

Lakini kuna jambo lililonitisha zaidi nilipoanza kusoma habari hizi kwa utulivu. Mauaji yale yenyewe yalijengwa kwa kiambishi hicho hicho. Wakoloni wa Kibelgiji, miaka ya 1930, walitoa vitambulisho vilivyomwandika kila mtu ni Mhutu, Mtutsi au Mtwa, na baada ya uhuru vitambulisho hivyo vikaendelea kutumika. Mwaka 1994 kitambulisho kikawa ndicho cha kuulizwa kwenye vizuizi barabarani. Redio RTLM iliwaita Watutsi "inyenzi," yaani mende. Wao wako hivi. Wao ndivyo walivyo. Haikuhitajika kujua huyu ni fundi cherehani, yule ni mwalimu, na yule mwingine ana deni la chumvi dukani. Ilitosha "wao." Ndipo nilipoona aibu ya pili, kubwa kuliko ya kwanza: mimi niliyekuwa nashutumu ule uovu pale kijiweni nilikuwa nimeushika kwa mpini ule ule.

Na kama kweli ilikuwa damu, tufanyeje na wale waliokataa? Katika kijiji cha Musamo, huko Ruhango, aliishi mama mmoja aitwaye Zura Karuhimbi, mganga wa kienyeji. Alificha zaidi ya watu mia moja nyumbani kwake. Hakuwa na bunduki. Wauaji walipokuja aliwatishia kuwa atawafungulia mizimu, akawapaka majani ya kuwasha, na wale majabari wenye mapanga wakaogopa, wakaondoka. Alifariki mwaka 2018. Au chukua wanafunzi wa sekondari ya Nyange. Usiku wa tarehe 18 Machi 1997 watu wenye silaha waliingia darasani na kuwaamuru wajitenge, Wahutu huku, Watutsi kule. Wale vijana wakakataa, wakasema wao wote ni Wanyarwanda. Baadhi yao waliuawa kwa sababu ya jibu hilo. Umri wao ulikuwa kama wako wewe unayesoma gazeti hili, au mdogo zaidi. Nao pia ni "wao." Mbona picha zao hazikuletwa kijiweni?

Wala usidhani kuwa uovu ule ulikuwa wa Mwafrika peke yake. Mmoja wa watangazaji wa RTLM alikuwa Mzungu kutoka Ubelgiji, Georges Ruggiu. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda iliyokuwa pale pale Arusha kwetu ilimhukumu miaka 12 jela mwaka 2000, baada ya yeye mwenyewe kukiri. Mahakama ile ilifungwa mwaka 2015, lakini kuna jambo moja ilitufundisha ambalo kijiwe chetu hakijalielewa: kizimbani hapapandi kabila. Anapanda mtu, ana jina, anasomewa alichofanya, siku gani, mahali gani.

Nilimpelekea mawazo haya mzee mmoja wa mtaani kwetu aliyekuwa dereva wa malori. Mwaka 1994 alibeba mahindi ya msaada mpaka Ngara, kwenye kambi ya Benako. Watu kama robo milioni walivuka daraja la Rusumo kuingia Tanzania kwa muda wa siku moja tu, mwishoni mwa Aprili. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitikia marahaba, akanikaribisha kigoda. Nikamwuliza aliona nini.

"Mtoni niliona hayo mliyoyaona kwenye simu yenu," akasema. "Nilisimama darajani mara moja, sikusimama tena. Lakini mwanangu, mimi nilikaa kule wiki mbili. Picha inakaa kufumba na kufumbua. Niliona wanawake wanagombania foleni ya maji kama hapa Buguruni. Niliona watoto wanaucheka Kiswahili changu, wanasema naongea haraka. Mmoja alinishonea kiatu, akakataa hela."

Akanyamaza kidogo, kisha akaendelea: "Na siku nyingine nilimpa mtu lifti. Mpole, ana heshima, ananiita mzee na mimi nilikuwa kijana. Baadaye nikasikia kambini mle walikuwemo hata waliokuwa wameua. Mpaka leo sijui yule niliyempa lifti alikuwa nani. Aliyekimbia kuuawa au aliyekimbia alichofanya. Usoni haikuandikwa."

Nikasema, "Sasa mzee, si ndiyo hatari yenyewe? Bora kuwaogopa wote."

Akanitazama kama mtu aliyeuliza bei ya kitu kisichouzwa. "Ungewaogopa wote," akasema, "yule wa kiatu ungemkosa, na yule mwingine usingemjua vile vile."

Sikuwa na jibu. Sasa ngoja nikwambie kitu ambacho sikumwambia yule mzee, kwa sababu kinaniuma mpaka leo.

Mama yangu ni Msukuma wa Shinyanga. Nilipokuwa kidato cha pili, magazeti na televisheni zilikuwa zimejaa habari za mauaji ya watu wenye ualbino katika mikoa ya kanda ya ziwa. Picha zake mnazijua, sitazieleza hapa. Basi jamaa mmoja darasani akanigeukia mbele ya watu wote, akasema, "Oyaa Msukuma, nyumbani kwenu mmeweka mikono mingapi chini ya kitanda?" Darasa likaangua kicheko. Na mimi nikacheka, maana usipocheka ndiyo wanaendelea. Nilipofika nyumbani sikula.

Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa namfahamu babu yangu. Babu alikuwa sungusungu kijijini. Miezi ile alikuwa anakesha na rungu lake nje ya nyumba ya jirani aliyekuwa na binti mwenye ualbino. Na bibi yangu macho yake yalikuwa mekundu kwa miaka mingi ya kupuliza moto wa kuni, na kwa macho hayo hayo, huko kwetu, bibi vizee wameuawa wakiitwa wachawi. Yaani babu yangu analinda mtoto wa watu, bibi yangu anaogopa kulala, na mjukuu wao huku Dar es Salaam anaitwa muuaji. Wote watatu ndani ya "wa-" moja: Wasukuma.

Sasa cheko likawageukia wale waliocheka bila wenyewe kujua. Maana huko nje ya nchi hakuna aliyetofautisha Shinyanga na Buguruni. Wao waliona Tanzania. Wengine waliona Afrika tu, basi. Yule jamaa wa darasani, Mzaramo wa hapa hapa, naye alikuwa ameshapakiwa. Lakini Tanzania hiyo hiyo ndiyo ambayo mwaka 2009 Waziri Mkuu wake, Mizengo Pinda, alitokwa na machozi Bungeni kwa sababu ya mauaji hayo. Ndiyo ambayo mwaka 2010 wapiga kura wa Lindi Mjini walimchagua Salum Barwany, mtu mwenye ualbino, kuwa mbunge wao. Ukiniuliza Tanzania halisi ni ipi kati ya hizo, nitakujibu zote. Ndiyo maana picha moja haitoshi.

Tena jambo hili halina rangi. Tarehe 7 Agosti 1930, katika mji wa Marion, jimbo la Indiana, Marekani, umati wa watu weupe uliwatoa jela vijana wawili weusi, Thomas Shipp na Abram Smith, ukawaua na kuwatundika mtini. Mpiga picha akapiga picha. Miili iko juu, chini yake wamesimama watu wamevaa vizuri, wengine wanatabasamu, mmoja ananyoosha kidole. Nakala za picha ile ziliuzwa kwa maelfu. Sijawahi kusikia mtu yeyote kijiweni akiitazama Marekani ya leo, na muziki wake na viatu vyake tunavyovitamani, akasema, "Hawa watu ndivyo walivyo, iko kwenye damu." Kwa Mmarekani tunajua kusema: walikuwa watu fulani, wakati fulani, mahali fulani. Kumbe tunajua kugawanya! Tunachagua tu nani wa kumgawanyia.

Najua kuna msomaji ameshaanza kukunja uso. Anasema, "Kijana, unataka tufumbe macho? Watu wakiua, tuseme ni bahati mbaya?" La hasha. Hilo ni shimo la upande wa pili wa barabara, na wengi wametumbukia humo. Kuna wanaoficha uovu ili kulinda jina la kabila, la dini au la nchi. Utasikia, "Msiandike hayo, mnatuchafua." Kuna wanaosema, "Mwache, ni mila yao," wakati mtoto wa kike analia. Huyo naye amewapakia wote pamoja: amechukua wenye kisu na mwenye kukatwa, akawaita wote "wenye mila." Hakumwuliza yule mtoto kama naye anaikubali mila hiyo. Kusema "ni mila yao, tuwaache" na kusema "ni mila yao, ni wanyama" ni maneno ya mama mmoja baba mmoja. Yote mawili yanatupumzisha na kazi ya kuuliza.

Kazi yenyewe ni ipi? Naona ni kuuliza maswali ya kawaida kabisa, ambayo hata mama ntilie huyauliza akiletewa taarifa kuwa hela yake imeibwa. Nani hasa? Lini? Alitumwa na nani? Nani alipinga? Anayeumia ni nani, na yeye anatoka wapi? Mama ntilie hasemi "vijana wa mtaa huu ni wezi" kisha akakaa. Akifanya hivyo hela hairudi. Vivyo hivyo, anayesema "ukatili uko kwenye damu yao" anamwachilia muuaji mwenyewe. Maana kama ni damu, mtu ana kosa gani? Kumbe neno langu la kijiweni, ambalo nilidhani ni kali sana, lilikuwa linamtetea aliyeshika panga.

Sasa nizungumze nanyi wenzangu wa kalamu, kwa sababu sisi ndio wenye hatia kubwa zaidi. Katika sura ya saba ya riwaya yangu kulikuwa na jambazi. Sikumpa jina. Nilimwita "yule Mnyarwanda," na nikamwandikia macho yasiyopepesa. Nilipomwandika nilijiona fundi, kwa sababu msomaji angeogopa mara moja bila mimi kutoa jasho. Hapo ndipo penye siri ya uvivu wetu. Mchawi awe Msukuma, bahili awe Mpare au Mchaga, Mhindi awe mwenye duka anayepunja, Msomali awe na bunduki. Msomaji anakuwa ameshamjua mhusika kabla hatujaandika kitu, na sisi tunaiita hiyo kazi.

Nimeirudia sura hiyo mara tano. Jambazi sasa ana jina, ana mama anayemtumia hela ya dawa, na ana sababu yake ya kijinga ya kuiba. Hajawa mwema. Kusema kweli amezidi kuwa mbaya, kwa sababu sasa uovu wake ni wake mwenyewe na hana kabila la kujificha. Kwao bado sijaamua ni wapi, na nimegundua hadithi haijalalamika.

Kinyozi nilimwendea siku ya nane. Niliona tabu kuanza, nikakaa kwenye kiti nikamwambia aninyoe, ingawa nywele zenyewe zilikuwa hazijaota vya kutosha. Alipofika nyuma ya sikio nikasema, "Kaka, yale maneno ya siku ile. Nisamehe. Niliongea kama mtu asiye na akili." Mashine ikaendelea kunguruma. Nikadhani hakusikia.

Kisha akaizima. Akasema, "Mama huwa hatazami hizo picha. Anasema anaogopa kumwona, na anaogopa kutomwona." Akaniinamisha kichwa, akawasha mashine, akamaliza kazi yake. Nilipotaka kulipa alipokea hela kama kawaida, akanirudishia chenji kamili. Sijui kama amenisamehe. Tunasalimiana. Kijiweni siku hizi hakai sana.

Simu bado zinapita mkono kwa mkono pale chini ya mwarobaini. Wiki iliyopita ilikuwa picha ya nchi nyingine, sitaitaja. Mshikaji mmoja akavuta pumzi, akaanza: "Hawa watu jamani, wao..." Nikamkatisha, nikamwuliza, "Wao nani?" Akanitazama, akatazama simu, akasema, "Si hawa hapa." Nikamwuliza tena, "Hawa waliolala chini, au waliowalaza?"

Akanyamaza. Na mimi nikanyamaza, kwa sababu hata mimi nilikuwa sijui. Tukaanza kuisoma habari yenyewe iliyoandikwa chini ya picha, ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameisoma.